Fahali wa Kanali Lazaro, kutoka Dagoretti hadi Loresho

Tangu nirudi, kazi haifanyiki. Kila anayepita hapa kibandani ninakotengenezea viti, kando ya Ngong Road, anasimama kuniuliza kama ni kweli nilitembea na ng'ombe dume mpaka Loresho. Wengine wanacheka kabla sijajibu. Wenzangu wa chama cha akiba nao wameagiza kwamba kikao kijacho niwasimulie mwanzo hadi mwisho. Nimeona heri niandike mara moja, kila mtu asome, mimi nirudi kwenye sofa za watu.

Najua mtakaloanza nalo. Kutoka upande wetu wa Jamhuri mpaka Loresho si safari. Magari yasiposongamana, unafungua soda ukiingia na unafika hujaimaliza. Nakubali. Lakini nyinyi hamjawahi kusafiri na Kanali Lazaro.

Kanali ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ni yule mzee mrefu wa kwao kaskazini, ng'ambo ya Turkana, anayechechemea mguu wa kushoto. Alikuwa ofisa katika jeshi la nchi yake. Jeshi hilo lilipogawanyika, aliondoka kambini na nusu ya kikosi, wakaingia porini, wakawa waasi. Baadaye goti lilimshinda, akaacha bunduki, akaja kuishi na mke na watoto wake hapa Jamhuri. Ni mtu mpole na jirani mwema, ila ana tabia moja iliyotoka naye porini: hapiti njia iliyonyooka. Akienda kununua maziwa duka la mbele, anazunguka nyuma ya kanisa. Akirudi, anapita kwingine. Kwake mwenyewe huingia kwa mlango wa jikoni, na miaka yote hii sijawahi kumwona akigonga ule wa mbele.

Jamhuri hadi mjini

Safari ilianzia kwenye chai. Kanali aliniomba nimsindikize mjini kuonana na Pasta Yona, mchungaji wa watu wa kwao, katika hoteli moja ya chai. Kutoka stendi ya Railways hadi hoteli yenyewe ni hatua chache, lakini sisi tuliingia jengo moja kwa mlango wa barabara hii tukatokea barabara ile, tukaingia jingine, tukashuka ngazi, tukapanda ngazi. Kinyozi mmoja alituona tukipita mbele yake mara mbili, akatupigia saluti. Tulipofika Kanali alichagua meza ya ukutani inayotazama ngazi, akaketi na kuagiza chai kama mtu aliyekuja moja kwa moja.

Jambo lilikuwa hili. Mwanawe Gabrieli, kijana aliyekulia hapa Nairobi na kusomea hapa, anataka kumwoa Rebeka, msichana wa Loresho. Na Rebeka ni binti ya Matayo.

Matayo na Lazaro walianza jeshi pamoja. Walilala hema moja tangu wakiwa makuruta hadi siku Lazaro alipoasi. Aliondoka bila kumuaga, na Matayo akabaki upande wa serikali. Miezi kadhaa baadaye, kikosi cha Lazaro kilivamia kambi ya Matayo kwa nyuma, na Simoni, mdogo wake Matayo, akafia hapo. Risasi ilikuwa ya nani hakuna ajuaye, na kwao hilo halipunguzi kitu. Watu wenye damu baina yao hawanywi maji pamoja, na watoto wao hawaoani.

"Kuna njia," Pasta Yona alisema. "Unaijua. Fahali mmoja. Aende kwa miguu, si kwa lori, na kamba ishikwe na wewe mwenyewe. Katikati yenu awepo mtu asiye wa damu yenu. Matayo akinywa maji na wewe kutoka kibuyu kimoja, hawa watoto watafunga ndoa. Akikataa, unarudi na ng'ombe wako, na hayo mambo tusahau."

"Amekubali?" Kanali aliuliza.

"Amekubali kukuona. Kunywa hajakubali. Anasema ana swali moja la kukuuliza."

Kanali alishusha kikombe. "Nalijua," alisema.

Wote wawili wakanigeukia mimi. Huko nyuma nilikuwa nimejigamba mara nyingi kwamba sisi watu wa Kakamega tunajua ng'ombe dume, kwamba kwetu wanapiganishwa na sisi watoto tunakimbia mbele yao tukiimba. Yote ni kweli, isipokuwa mimi nilikuwa natazama nikiwa juu ya mti. Lakini utaanza wapi kulieleza hilo mbele ya mchungaji? Nikasema nitakwenda.

Dagoretti hadi Kawangware

Habari za sokoni na vibali vya mifugo sitawachosha nazo. Itoshe kusema kwamba asubuhi tulitoka soko la Dagoretti watu watatu na fahali mmoja mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Kanali alitangulia na kamba, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri sana. Gabrieli alikuwa kando na simu. Mimi nilikuwa nyuma na fimbo, mbali kidogo na miguu ya nyuma.

Mambo yangekuwa rahisi kama tungefuata barabara. Kanali alitazama barabara, akakata kona akaingia uchochoroni. Tulipita nyuma ya nyumba za watu, chini ya nguo zilizoanikwa, na fahali akaondoka na shuka ya mtu kwenye pembe. Tulirudi kuomba msamaha. Mwenye shuka aliitazama, akatutazama, akasema atafua tena, na kwamba hajawahi kuwa na kisa kizuri kama hiki cha kumpelekea mumewe.

Kawangware walitupokea kama mkutano wa siasa. Watu walijaa pande zote wakiuliza mheshimiwa yuko wapi na nyama ni ya wapi. Kijana mmoja wa bodaboda alizima pikipiki yake.

"Mzee, niaje. Hiyo ng'ombe ni ya harusi ama ni ya matanga?"

Kanali alilifikiria swali lile kwa makini.

"Bado hatujui," alimjibu.

Hapo nilisimamisha msafara kwa sababu ya tumbo. Kuna mama mmoja pale anayekaanga chapati kando ya njia, na maharagwe yake ameyapika na nazi kidogo, jambo ambalo sikulitegemea Kawangware. Nilikula mbili, nikaongeza ya tatu kwa ajili ya barabara. Kanali hakutaka chochote. Alisema tangu alfajiri hajaweka hata maji mdomoni, na hataweka mpaka ajue kibuyu cha Matayo kitasemaje. Niliona aibu kidogo, kisha nikamalizia mchuzi.

Simu ya Gabrieli haikunyamaza. "Baba, ni Rebeka. Anasema wako tayari. Mzee amewapanga wote kwa geti ya mbele, wamama upande mmoja, wazee upande mwingine. Yeye mwenyewe amesimama kwa kona amevaa suti."

"Amewapanga mstari?"

"Mstari kabisa."

Kanali alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Hajabadilika," akasema.

Lavington

Ukitoka Kawangware unavuka tu na unajikuta Lavington, na kimya chake kinakushtua. Kuta ndefu, miti mirefu, magari yanapita vioo vimefungwa. Mtu anayetembea kwa miguu huko ni soja, ni mfanyakazi wa bustani, au ni dada wa kazi aliyetumwa mkate. Sisi na fahali wetu tulikuwa kitu kipya.

Mbele ya geti moja jeusi, fahali aliona kitalu cha maua ya waridi, akalala. Hakuanguka, hakuugua. Alikunja magoti akalala, akanyoosha shingo na kuanza kula yale maua moja moja. Mtunza bustani alitoka mbio, mkasi mkononi.

"Nyinyi! Hiyo maua mama analeta wageni kuona! Amsheni hiyo ng'ombe!"

"Amsha wewe," nilimwambia, na nilisema hivyo kwa heshima yote.

Soja wa geti alikuja naye akajaribu. Tulisukuma, tukavuta mkia, tukaimba. Mama mmoja alisimamisha gari, akashusha kioo, akauliza kama tunauza kwa kilo. Kanali peke yake hakusumbuka. Aliketi ukingoni mwa barabara karibu na kichwa cha fahali, akanyoosha mguu wake mbaya. Goti lilikuwa limevimba hadi suruali imebana.

Dada wa kazi alitoka na beseni la maji ya fahali na vikombe viwili vya maji, changu na cha Kanali. Kanali alikirudisha chake.

"Asante, binti yangu. Leo siwezi."

Uso wa yule dada ulibadilika. "Ni kwa sababu ni kikombe ya sisi wafanyikazi? Nimeosha."

"Hapana, hapana." Kanali alijaribu kusimama, goti likamkatalia. Ikabidi amweleze palepale: rafiki yake, mdogo wa rafiki yake, watoto wanaopendana, na kwamba maji ya kwanza ya siku hii si yake kuchagua. Yule dada alisikiliza hadi mwisho. Mtunza bustani alishusha mkasi.

"Basi nitakuombea, mzee," dada alisema. "Akikataa, ukirudi pitia hapa. Yangu itakuwa bado iko."

Vikombe vyote viwili nilivinywa mimi.

Tukingoja fahali ashibe, nilimuuliza Kanali kwa nini aliasi. Aliniambia kila aliyeondoka alikuwa na sababu, na kila aliyebaki naye alikuwa nayo, na kwamba alikuwa na hakika zaidi zamani kuliko sasa.

"Usiku ule nilishika viatu mkononi," alisema. "Nilisimama mlangoni mwa hema. Matayo alikuwa amelala, blanketi limemfunika mpaka usoni. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa. Wenzangu walikuwa wananingoja."

"Ndilo swali lake? Kwa nini hukumuaga?"

"Angekuwa na swali gani lingine?"

"Na utamjibu nini?"

Fahali alisimama mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, nasi tukaendelea.

Kangemi, chini ya barabara kubwa

Waiyaki Way huvuki na ng'ombe ukabaki hai, kwa hiyo tulipitia Kangemi, kule ambako barabara kubwa inapita juu na soko liko chini. Hapo hata Kanali hakuwa na njia ya kuzunguka. Tulijipenyeza kati ya nyanya na mitumba, mimi nikiomba radhi kulia na kushoto.

Kisha mchuuzi mmoja wa dawa za panya akawasha spika yake sikioni mwa fahali.

Nitasema ukweli, maana Gabrieli ameshawasimulia wengine. Fahali aliporuka, mimi nilitupa fimbo na kujikuta juu ya rundo la magunia ya kabeji. Sikumbuki kupanda. Kutoka kule juu niliona kila kitu vizuri: meza zikipinduka, wamama wakikimbia, na Kanali Lazaro akiburutwa kwa tumbo matopeni, kamba imezungushwa mkononi.

"Mzee, achilia! Achilia itakuua!" wamama walipiga kelele.

"Baba, nipe mimi!" Gabrieli alimkimbilia, akaikamata kamba.

"Usiguse!" Kanali alimfokea akiwa amelala chini, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ukutani kwetu. "Ukishika wewe, tumekwenda bure!"

Gabrieli akaachia. Niliogopa sana wakati ule, na sikujiogopea mimi. Nilimwogopea mzee yule na goti lake. Lakini fahali alimburuta hadi kwenye rundo langu, akaona majani ya kabeji, akasahau spika na dunia yote. Alikula akiwa ananitazama. Wamama wa soko walimwinua Kanali, wakamfuta uso kwa leso. Shati jeupe lilikuwa jekundu kwa udongo, na kifungo hakikubaki hata kimoja. Tukasaidia kuinua meza na kuokota nyanya. Mwenye kabeji alipoambiwa safari ni ya nini, alimpa fahali kabeji nzima.

Ndipo simu ikalia tena, na safari hii niliisikia sauti ya Rebeka kutoka mahali nilipokuwa. Alikuwa analia.

"Mzee ameondoka kwa mstari," Gabrieli alituambia, uso umemshuka. "Alingoja, akangoja, halafu akaingia ndani. Wamemtafuta kila chumba. Pasta anasema labda amekataa."

Kanali alijifunga shati kwa kipande cha kamba. "Twende," akasema.

Loresho, upande wa nyuma

Loresho kuna baridi na harufu ya majani yaliyokatwa. Karibu na kwa Matayo njia inagawanyika. Ya kulia ni ya lami, inaenda geti la mbele, na kutoka pale tulisikia wamama wakiimba kwa uchovu. Ya kushoto ni ya miguu, inateremka kijitoni na kuzunguka nyuma ya mashamba.

Kanali alisimama. Gabrieli alimwendea, akashika kiwiko chake.

"Baba, nakuomba. Leo tu. Geti ya mbele. Si unakumbuka vile Simoni alikufa? Tukitokea nyuma Mzee Matayo atafikiria nini?"

Nilimwona mzee akitazama ile lami. Aliitazama kama mtu anayetazama mto asiojua kina chake. Alipiga hatua moja kulia. Kisha akageuka, akavuta kamba, akashuka kushoto. Baadaye alinieleza kwamba alitaka kwenda mbele, kabisa alitaka, lakini miguu ilimkatalia. Wakati ule nilichojua ni kwamba tumeharibu. Gabrieli alifuata nyuma huku machozi yakimtoka, na mimi nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia yule dada wa Lavington.

Nyuma ya boma kuna ua wa miti ya miiba ya kayaba, na katikati yake mlango mdogo wa mbao unaotumiwa na mtu wa bustani. Mlango ulikuwa wazi.

Ndani, penye migomba, palikuwa na kiti cha plastiki. Mzee mwenye suti ya kijivu aliketi hapo peke yake, nyumba ameipa mgongo, uso ameuelekeza kwenye ule mlango. Kibuyu cha maji kilikuwa mapajani.

"Umechelewa," alisema.

Kanali alizungusha kamba mkononi mara moja zaidi.

"Ulijuaje nitapita huku?"

"Nimekungoja kule mbele mpaka nikajiona mjinga. Lazaro apite mbele? Tangu lini?"

Sikucheka, ingawa nilitaka. Matayo hakuwa anacheka pia.

"Nina swali langu," alisema.

"Uliza."

"Tulilala hema moja miaka yote ile. Kwa nini hukuniamsha?"

Fahali alikuwa ananusa migomba. Kanali alijaribu kusimama sawasawa kwenye goti lile.

"Ningekuamsha, ungelazimika kunikamata au kunifuata," alisema. "Sikutaka uchague kwa sababu yangu. Nilitaka ulale. Nimejuta kila siku tangu siku ile, lakini hiyo ndiyo sababu, sina nyingine."

Matayo alikitazama kibuyu.

"Sikuwa nimelala," akasema. "Nilikusikia ukichukua viatu. Nikajifunika blanketi usoni, usije ukaona macho yangu. Ningepiga ukelele mmoja tu, usingevuka ua wa kambi. Nikanyamaza. Halafu ulikuja kwa nyuma, na Simoni akafa, na mimi nikasema: ni mimi niliyemwacha aende."

Kanali alilia, wazi, mdomo wazi, kamba ingali mkononi. Mimi nililia. Gabrieli alikuwa ameshaanza zamani.

"Simoni harudi," Matayo alisema.

"Harudi."

"Hawa wakizaa, kijana wa kwanza ataitwa Simoni. Atakuwa wa kwangu kwa jina, na wa kwako kwa ukoo."

"Ataitwa Simoni," Kanali alisema.

Matayo akaninyooshea kibuyu, maana mtu wa katikati kazi yake ni hiyo. Nilikipokea, maji kidogo yakamwagikia viatu vyangu. Nilimpa Matayo kwanza, akanywa. Nikampa Kanali, naye akanywa kama mtu ambaye hajaona maji tangu alfajiri, na ni kweli hakuwa ameyaona. Alinywa yakaisha. Matayo akachukua kamba kutoka mkononi mwake, wakakumbatiana, na tope lote la Kangemi likahamia kwenye suti.

Rebeka ndiye aliyetukuta, akitafuta baba yake. Alipiga kelele moja, na mstari wote wa mbele ukavunjika ukaja mbio kwa nyuma, wamama, wazee na Pasta Yona, kila mtu akilalamika kwamba ametayarishwa mbele na mambo yamefanyika huku nyuma. Tulikula mpaka nikafungua mkanda. Fahali naye, Mungu amlaze pema, alikuwa na nyama laini, na sehemu ya paja nilipewa mimi kwa heshima ya kumsindikiza. Niliila nikimkumbuka akilala pale kwenye waridi.

Kurudi

Pasta Yona alitupa gari lake na dereva. Pale njia panda dereva aliuliza tupite wapi, na mimi nikajitayarisha kwa vichochoro vyote vya Nairobi.

"Pita barabara kubwa," Kanali alisema. "Nimechoka kuzunguka."

Kabla hatujafika Lavington alikuwa ameshalala, kichwa begani mwangu, mdomo wazi. Tuliposhuka Jamhuri nilikuwa na chupa ya soda mkononi, na bado ilikuwa nusu.

Nilimwona akipita uani bila kugeukia upande wa jikoni. Alipanda ngazi mbili, akagonga mlango wa mbele. Mkewe, ambaye mila ilimtaka angoje nyumbani siku nzima bila habari, hakufungua. Miaka yote ile hapakuwa na mtu wa kwake aliyewahi kugonga mlango ule.

"Ni nani?" aliuliza kutoka ndani, kwa wasiwasi.

"Ni mimi," Kanali Lazaro alisema. "Fungua, mama. Nimefika."